Nondo za Juu ya Paa: Historia ya Marehemu Jovin Mutalemwa

Padri, wafiwa wenzetu, majirani wa mtaa huu wa Xiaobei, na nyote mlioacha biashara zenu mkaja kuketi nasi chini ya baraza hili alilolichora yeye mwenyewe, familia imenituma mimi, dada yake, Felisia, niwasomee maisha ya Jovin, na imeagiza yasomwe yote, yenye sifa na yenye damu, kwa kuwa huko nje yameshasemwa mengi ya uongo.

Marehemu Jovin Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa fundi mwashi, Mzee Mutalemwa, mtu ambaye kila nyumba ya zege aliyoijenga aliiacha na nondo zimechomoza juu, kama tufanyavyo wengi kwetu, ili Mungu akijalia ghorofa nyingine ipande, na aliwaambia wanawe kwamba nyumba isiyo na nondo ni ya mtu aliyekata tamaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1992 akamaliza 1998, na tusidanganyane, alikuwa mgomvi, darasa la tano alimvunja mkono mwenzake aliyemkanyagia kijumba chake cha udongo, akachapwa mbele ya shule nzima hadi kaptura ikalowa damu, na jioni ile ile akakijenga upya. Sekondari alisoma Bukoba hadi mwaka 2005, mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kuja hapa Guangzhou, China, akajifunza Kichina, kisha usanifu wa majengo, akahitimu Juni 2012.

Aliajiriwa mwaka huo huo katika ofisi ndogo ya usanifu wilayani Yuexiu, yeye akichora na mhandisi wa hapa akigonga muhuri, na kazini nako mkono ulikuwa mwepesi, mwaka 2014 alimkaba mkandarasi aliyepunja saruji kwenye ngazi, wakatenganishwa jamaa akiwa ameshatoa macho. Hasira hasara, tulimwambia, naye alijibu kwamba ngazi ikianguka haitachagua mpole.

Tarehe 8 Agosti 2015, mjini Bukoba, alifunga ndoa takatifu na Benedicta, dada yake Salvatory, mnunuzi wa nguo wa barabara ya Guangyuan Xilu ambaye wengi wenu mnamfahamu, na kwa miaka mingi mashemeji hao walikula sahani moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Evaline, aliyezaliwa 2016, na Sammy, aliyezaliwa 2019, ambao wako hapa mbele.

Mwaka 2022 Salvatory na wenzake, Watanzania na Wakongomani, walikodi kiwanja hiki kwa laobani, yaani bosi, Liang, mwenye eneo, wakampa Jovin kazi ya kuchora jengo dogo la biashara, maduka chini, ofisi za kargo juu, nao walitaka ghorofa tano. Siku ya kwanza ya kupima, Bibi Chen wa ng'ambo ya kichochoro alimtandika mgongoni kwa mpini wa fagio, akisema wageni wamekuja kumwibia jua, na huyu mtu wa ngumi, kwa mara ya kwanza tunayoijua, hakurudisha, alingoja bibi achoke, kisha akamwomba amwonyeshe anapoanika nguo. Kanuni za mji zinakataza jengo jipya kuyanyima madirisha ya watu jua la majira ya baridi, lakini Jovin hakusoma kanuni peke yake, alikaa kwenye kibaraza cha bibi akatazama kivuli kinavyotembea, akashusha jengo hadi ghorofa tatu, ya juu akairudisha nyuma, akaweka ngazi mbili za kutokea, matofali ya kijivu kama ya majirani, na baraza hili la nguzo, kama majengo ya kale ya mji huu, ili mpita njia na mbeba mizigo wasilowe.

Kikao cha wabia kiliishia kwenye vurugu, Salvatory alimzaba kofi, Jovin akamrushia kiti, na Clément, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyejaribu kuamulia, alipasuliwa mdomo kwa kiwiko ambacho hadi leo hakina mwenyewe. Ili wabia watulie, Jovin alikubali kuacha nondo juu ya paa, za kuwapa moyo tu, mkaguzi alipoziona akasema bu xing, haiwezekani, zikatwe, naye akaahidi kuzikata baada ya mwaka mpya wa Kichina. Hakuzikata. Alikuwa bado mtoto wa Mzee Mutalemwa, na hilo ndilo kosa lake.

Jengo lilifunguliwa Novemba 2024. Asubuhi ya tarehe 1 Machi 2025, akitokea kituo cha metro, aliona juu ya paa ghorofa ya mabati iliyochomelewa kwenye zile nondo bila kibali, na nguo za Bibi Chen zikining'inia kivulini. Alinunua nyundo kubwa dukani, akapanda, mafundi wakakimbia, akayabomoa mabati hadi viganja vikachubuka, Salvatory akaja na bomba la chuma, akampiga begani, Jovin akamvunja meno kwa mpini wa nyundo, wakakamatana, Salvatory akamsukuma, na Jovin akaanguka chali juu ya nondo, ikamwingia chini ya mbavu ikatokea mbele. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile vilikuwa viwili, shemeji na chuma. Zimamoto waliikata ikiwa bado mwilini mwake.

Madaktari walimpasua mara mbili, naye alipopata fahamu aliuliza kama mabati yameondolewa, akaambiwa ndiyo, akauliza kama nguo za bibi zinakauka, akaambiwa zinakauka, na alifariki dunia tarehe 9 Machi 2025. Salvatory yuko mikononi mwa polisi, na familia inamwachia sheria, hatutaki mtu yeyote hapa amguse yeye wala ndugu yake kwa jina letu.

Tunawashukuru zimamoto, madaktari na wauguzi, ofisi yake, mawakala wa mizigo wa jengo la Tianxiu wanaotusafirishia mwili, na Bibi Chen, aliyeleta supu hospitalini kila siku na leo ameketi karibu na mjane.

Benedicta, mume ndani ya jeneza na kaka ndani ya mahabusu, hakuomba ruhusa ya mtu, jana asubuhi alipanda juu na grenda ya kukodi akazikata nondo zote hadi usawa wa zege, cheche zikamwunguza mikono, tukamwita ashuke, hakushuka mpaka ya mwisho. Mafundi wa kaburi huko Kamachumu wameshaambiwa walisakafie liwe bapa, pasichomoze chuma.

Mdogo wangu, jengo lako limekwisha, hakuna atakayeongeza kitu juu yake. Pumzika kwa amani.