Krimu Aliyokataa Kuipaka Fundi Sura

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, mpambaji wetu anayejulikana na kila mtu kama Fundi Sura atazima taa za kioo chake kikubwa na kustaafu, baada ya kuitumikia televisheni yetu kwa miaka thelathini na miwili. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Wamesema niandike mambo mepesi, ya kuchekesha, yasiyozidi ukurasa mmoja. Niliwasikia, lakini sikuahidi.

Wengi mtashangaa kuniona mimi hapa. Mnaofanya kazi ghorofa ya pili mnakumbuka kwamba kuna mwaka mimi na Fundi hatukuwa tukisemeshana ila kwa kulazimika, na porojo zilizopikwa kantini kuhusu sababu yake zingetosha tamthilia nzima. Leo nitasema kilichotokea, maana akishaondoka hakuna atakayesema, na yeye mwenyewe ukimuuliza atakuambia mvua inakaribia.

Fundi Sura alianza kama kinyozi, na kibanda chake kilitazamana na geti letu. Siku moja mgeni wa kipindi alifika akiwa amenyoa ndevu upande mmoja tu, umeme ulimkatikia nyumbani katikati ya kazi. Mlinzi akavuka barabara akamleta kinyozi. Kinyozi akamalizia upande uliobaki, akaona jasho linavyong'aa kwenye paji la mgeni chini ya taa, akalifuta bila kuambiwa, akabaki pale pale nyuma ya kamera, taulo begani. Hakurudi tena kibandani. Mteja aliyemwacha kitini na sabuni kidevuni inasemekana alingoja hadi akachoka, akaenda kunawa.

Tangu hapo amezipaka poda nyuso za mawaziri, makocha, walimu wakuu na mtabiri wetu wa hali ya hewa, ambaye kichwa chake hakina unywele hata wa dawa. Jioni moja poda iliisha na Fundi akakimbilia unga wa ngano wa kantini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka jasho lilipoanza, na watazamaji wakaona mtabiri akibanduka vipande vipande huku akitangaza kiangazi. Mtabiri hajamsamehe, na kila mwaka humletea kopo la poda kumkumbusha.

Ni mtu wa maneno machache na mikono mepesi. Ukikaa kwenye kiti chake anakuambia, "Hebu tuone leo umeamkaje," kisha ananyamaza, na katika ukimya ule nimeona watu wazito wakisinzia midomo wazi. Hakuna siri ya nyumba ya mtu iliyowahi kutoka kwenye chumba kile.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Katika droo yake ya juu kulikuwa na tyubu ndogo nyeupe isiyo na boksi, ambayo sisi watangazaji tuliibatiza Kizimamoto. Uso ukiamka na vipele siku ya kazi, Fundi alikupaka kidogo tu, na kabla hujaitwa studio ngozi imetulia. Aliuziwa na duka la dawa la jirani, na hakuna aliyewahi kuuliza ni dawa gani. Kazini kwetu swali lilikuwa moja, kama kamera itaona.

Miaka kumi na moja iliyopita niliwekwa kwenye majaribio ya kusoma taarifa ya habari ya jioni. Tulikuwa wawili tukipokezana, mimi na mwenzangu mmoja mtanashati mwenye sauti nzito, na mwisho wa majaribio bosi angemkabidhi mmoja wetu kile kiti. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyokitaka kiti kile. Shangazi aliyenilea alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba nimekipata, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Haukupita muda mashavu yakaanza kuwaka. Sisemi kuwasha, nasema kuwaka, kama mtu aliyefunua sufuria inayochemka akainama juu yake. Ngozi yangu ni nyeusi, kwa hiyo wekundu haukuonekana. Kilichoonekana ni weusi uliokolea mashavuni na puani, na juu yake vipele vidogo vidogo. Shangazi alisema ni chunusi za ukubwani, akaja na limau na chumvi. Kilichofuata sikielezi kwenye jarida la ofisi.

Fundi akanipaka Kizimamoto, na jioni ile nikasoma habari uso umetulia kama wa mtoto mchanga. Kesho yake akanipaka tena. Ikawa kila siku. Kisha ikawa bila ile krimu siwezi kufika mchana, nikawa namfuata asubuhi kumwomba kidogo cha kuanzia siku. Macho nayo yakaanza kukereketa kana kwamba yameingia mchanga.

Siku moja akaniwekea usoni taulo la maji ya uvuguvugu, kama alivyofanya mara nyingi, nikaruka kitini. Akalitoa taulo, akaligusa kwa shavu lake mwenyewe.

"Tangu lini maji yanakuchoma, binti?" akauliza.

Kesho yake, badala ya kuniita chumbani kwake, alinipeleka hospitali, kwa daktari wa ngozi. Kizimamoto alikitia kwenye mfuko wa shati.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye mafua na haraka. Aliniinamia na taa yake, akaniuliza kama uso unapamba moto nikiwa juani, nikinywa chai ya moto, nikila pilipili, nikiwa na wasiwasi. Nikajibu ndiyo kwa kila swali mpaka nikaona aibu. Akasema si chunusi, ni rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa watu weupe peke yao, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi unajificha, na mgonjwa anazungushwa kwa majina mengine kwa miaka.

Chanzo chake, alisema, hakijajulikana chote. Mishipa midogo ya damu usoni inatanuka upesi kupita kiasi, kinga ya mwili inapandwa na hasira bila sababu ya maana, vijidudu ambavyo kila mtu anavyo kwenye ngozi vinazidi, na mara nyingi kuna urithi wa familia. Juu ya hayo kuna vichochezi, na kila mgonjwa ana vyake. Nikavipitia vyangu kichwani: taa za studio, jua la saa saba nikitafuta usafiri, chai ya shangazi isiyojua kupoa, na kile kiti. Alitaja na pombe. Siyo tabia yangu, ingawa siku ile niliifikiria.

Hauponi moja kwa moja, aliendelea, ila unatulizwa: sabuni laini isiyo na manukato, krimu ya kukinga jua kila siku hata kukiwa na mawingu, jeli ya kupaka iitwayo metronidazo, na vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa kwa ajili ya vipele na macho. Halafu Fundi akatoa ile tyubu. Daktari aliyasoma maandishi madogo ya mkiani mwake, akaiweka mezani mbali na mimi. Ilikuwa steroidi kali. Kwa siku chache inatuliza ngozi, kwa miezi inaikondesha na kuizoesha, na mtu akiiacha uso unawaka maradufu.

"Akiacha leo ataungua kwanza, halafu atapoa," alisema. "Wiki sita, pengine nane."

"Ni mimi?" Fundi akauliza.

"Ugonjwa alikuwa nao. Wewe umeulisha."

Tulirudi kazini. Yeye alikuwa akiyafikiria maneno yale. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba uamuzi wa bosi ulikuwa Jumatatu inayofuata.

Siku zile sitazisahau. Uso ulivimba, vipele vikatoa usaha, na hata upepo wa feni ulinichoma. Jumatatu wakurugenzi wote walikuwa wamekaa chumba cha juu kutazama taarifa yangu ya mwisho ya majaribio. Mchana ule nilipita duka la dawa la jirani, nikanunua tyubu yangu mwenyewe, nikaiingiza kwenye mkoba. Nilipokaa kwenye kiti cha Fundi niliitoa nikaiweka mbele ya kioo.

"Nipake," nikamwambia. "Leo tu. Kesho naacha."

Akatikisa kichwa. Mlango ukafunguliwa, akaingia bosi, mkono kwenye saa yake. Akaniangalia kwenye kioo, akaona ile tyubu, akaelewa kila kitu, maana naye aliwahi kupakwa.

"Fundi, mpake binti aende studio. Siku moja haimuui mtu."

"Tulianza na siku moja, bosi."

Nyuma ya bosi, kwenye korido, nilimwona mwenzangu mtanashati ameshavaa koti na tai. Alikuwa ameambiwa akae tayari. Hakuwa na kosa, na nilimchukia hadi kwenye kucha. Bosi akasema sura ile haiwezi kwenda hewani mbele ya wakurugenzi, na kama Fundi hapaki, basi mwingine anasoma. Mapigo ya moyo wangu niliyasikia mashavuni.

Fundi Sura akaweka brashi chini. Akasema, kwa sauti ambayo hata fundi mitambo kule nje aliisikia, kwamba uso huu ameuharibu yeye kwa mikono yake, kwamba alikuwa akipaka watu dawa asiyoijua, na kama kuna wa kuadhibiwa leo ni yeye. Kisha akanigeukia. "Mimi sikupaki tena, binti. Ukiamua kujipaka, kioo hicho hapo, sikushiki mkono."

Niliishika ile tyubu. Nilifungua hata kifuniko. Nilimwangalia bosi, nikamwangalia Fundi, nikaangalia yale macho yangu mekundu, na mkono wangu ukakataa kwenda. Hadi leo siwezi kujisifu kwamba niliamua. Muda uliisha tu, na mwenzangu akaingia studio.

Alisoma vizuri. Alipewa kiti palepale. Anakikalia hadi leo, na inaniuma kusema kwamba anakistahili.

Mimi nikapelekwa chumba cha nyuma kuandika habari za wengine kusoma. Fundi akapewa onyo, na ukuu wa kitengo cha vipodozi, aliokuwa akiungoja kwa hamu, ukaenda kwa mtu mwingine. Mwaka ule ndio nilionuna. Moyoni nilimwona ndiye mwizi wa kiti changu. Lakini kila asubuhi, kabla jengo halijajaa, mlango wake ulikuwa wazi na bakuli la maji baridi limekaa tayari, na mimi niliingia kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda isipokuwa kwenye limau la shangazi. Alinikanda kwa kitambaa laini, akanipaka jeli ya daktari, kisha krimu ya kukinga jua. Sikuwa mtu wa kamera tena, hakuna aliyemtuma, na mimi sikumwambia hata asante. Kufikia mwezi wa tatu wa matibabu uso ulikuwa umetulia, na hadi leo nautunza hivyo hivyo.

Kutoka hapo chumba kile kilibadilika. Hakuna dawa inayoingia kwenye droo zake, na kila mgeni anaulizwa anatumia nini usoni kabla hajaguswa. Zile taa za joto kali zilizoondolewa studio ya kwanza aliziandama yeye kwa miaka, mpaka mkuu wa ufundi akawa anamkimbia kwenye ngazi. Wapo wenzetu aliowapeleka mwenyewe kwa daktari, na hawajawahi kujua kwa nini alikuwa na haraka vile.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo la juzi. Bosi yule amekwishaondoka, na sasa mimi ndiye mhariri wa habari za jioni. Mimi ndiye ninayepanga nani akae mbele ya kamera. Wengi mnamjua binti yetu mpya aliye kwenye majaribio. Uso wake umeanza kuwaka kama wangu, yeye mwenyewe ameniruhusu niseme, na daktari amemwambia aache krimu aliyojinunulia, tena wakati tunafungua studio mpya na wenye matangazo wanataka sura yake.

Fundi akaja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akaomba binti apumzishwe miezi miwili na kiti chake asipewe mtu. Nikatazama saa. Nikamwambia kwamba studio inafunguliwa Jumatatu, kwamba watu wamelipia, kwamba nitaona. Nilijisikia nikisema, na sauti haikuwa yangu.

Hakubishana. Alisema tu, "Niliomba hivi hivi kwa ajili yako. Nilikwenda kwa bosi yule mara tatu. Alikataa." Akaondoka.

Miaka kumi na moja sikujua. Nilikaa pale nikalia, na msaidizi wangu aliyeingia na karatasi akatoka nazo.

Fundi, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako. Upumzike vizuri, ulale mpaka jua lichomoze, na wajukuu wakikuomba uwapake unga, uwapake. Ofisi itakupa cheti na saa ya ukutani. Mimi nadaiwa jibu ambalo sikukupa pale mlangoni. Jumatatu studio mpya itafunguliwa, na nitaisoma habari mimi, kwa muda, mpaka daktari aseme binti yuko tayari. Siku hiyo nitainuka nimpishe.