Mapengo Kwenye Shamba Langu la Mtihani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye sauti kubwa, na asifiwe pia na sisi ambao hujificha viti vya nyuma tukiitwa mbele. Naitwa Kananu, wa hapa Kibirichia. Mungu amenitoa mahali, na siwezi kunyamaza.

Mnakumbuka mama alipougua niliacha shule. Nilijisomea nyumbani kwa vitabu vya kuazima, nikisoma huku nachochea moto. Mama alipopona, shule ya kutwa ilinipokea moja kwa moja kidato cha nne, lakini kwa sharti. Mwalimu wa kilimo aliniambia, "Kujisomea ni vizuri. Sasa nionyeshe." Kila mwanafunzi wa kilimo hupewa kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, apande na kutunza, na mwalimu hukagua kila hatua. Sisi tulipewa viazi. Kipande changu kikimridhisha, ningebaki na wenzangu hadi mtihani wa mwisho. Kisipomridhisha, ningeambiwa sijawa tayari, nirudi madarasa ya chini na watoto.

Mnacheka. Mtoto wa Kibirichia, ambako kila shamba lina viazi, ataogopaje viazi? Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa usiopimwa hospitali. Kitu changu kilikuwa lazima kiwe kamili, la sivyo nakitupa. Nikikosea herufi moja, nachana ukurasa mzima. Mistari yangu ya viazi niliinyoosha kwa kamba na rula mpaka wenzangu wakaniita Injinia.

"Injinia, hiyo barabara inafika Isiolo?"

Wao walicheka. Mimi nilirudi na kamba kuinyoosha tena.

Kisha hofu ikanishika kabisa. Viazi viko chini ya udongo, nitajuaje vinaendeleaje? Nikaanza kufukua. Nafukua kimoja, naona chipukizi jeupe, nafunika. Kesho yake nafukua tena, labda kimeoza. Ndugu zangu, chipukizi la kiazi ni laini! Machipukizi yalikatika mkononi mwangu, moja baada ya lingine. Wenzangu walipanda wakaenda zao kucheza mpira, na mashamba yao yakajaa majani. Langu likawa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Siku moja kabla ya ukaguzi, niliingia shambani kwa mama na jembe. Niling'oa mashina yake mazuri, yenye maua, nikayapanga kwenye karai niende kuziba mapengo yangu. Mama akatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni.

"Mwari, binti yangu, viazi vyangu vinasafiri kwenda wapi?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alitua mzigo, akasema, "Nilipokuwa mgonjwa, ulikuwa unanifukua kitandani kila saa uone kama napona? Ulinipa uji, ukanifunika, ukaniombea, ukaniacha nilale." Akachukua karai, akaanza kurudisha mashina yake ardhini. "Nenda na mapengo yako, mwanangu."

Nilipiga magoti pale pale kwenye matope. Nikasema, Bwana, siwezi kuwa kamili. Nimechoka. Nishike hivi nilivyo. Na ninawaambia ukweli mbele za Mungu, kitu kilishuka kutoka mabegani mwangu!

Asubuhi mwalimu akasimama mbele ya shamba langu. "Kananu, hapa palipita fuko?"

"Ni mimi, mwalimu. Nilikuwa nafukua nione kama vimeota."

Darasa zima liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniuliza nini hutokea chipukizi likikatika, nikamweleza. Akauliza nitafanya nini na mashina yaliyobaki. Nikasema nitayapandishia udongo ili viazi visipigwe na jua, kisha nitayaacha mpaka majani yakauke yenyewe. Aliuliza na kuuliza, nami nikajibu bila kutetemeka, mimi ambaye hata jina langu hulitaja kwa kigugumizi! Mwishowe akawageukia wale waliocheka. "Nani ataniambia vyake vimeota kwa nini?" Hakungoja mkono uinuke. "Huyu anajua vyake havikuota kwa nini. Kananu, utabaki na wenzako."

Alinipa alama, lakini si zote. Si zote, ndugu zangu, na usiku ule nililala usingizi!

Nilivuna kidogo, lakini nilivuna. Nikafanya mtihani wa mwisho na wenzangu, nikamaliza shule. Asante Yesu! Asante kwa mama yangu, aliyeketi pale nyuma akijifanya hanisikii.

Hofu bado hubisha hodi. Hata ushuhuda huu niliuandika, nikaona kosa mstari wa pili, mkono ukaenda kuchana. Sikuchana. Ndio huu nimewasomea, na kosa lake.

Kama uko hapa na kila asubuhi unafukua maisha yako uone kama Mungu anafanya kazi, njoo tuombe pamoja. Rudishia udongo, ndugu yangu. Yeye anaona mpaka chini.