Marinda Kumi na Moja

Mbele yangu kwenye basi, fundi cherehani alikuwa anampeleka binti yake mwenye usonji kurudia mtihani wa kuingia darasa la kwanza. "Mara ya kwanza walimwonyesha picha ya harusi, wakamwuliza anaona nini," alimweleza kinyozi waliyekutana naye hapo hapo. "Akasema pazia lina marinda kumi na moja, na moja limeshonwa kinyume."

Kinyozi akacheka. "Na bibi harusi je, dada yangu? Wanasema macho hayana pazia!"

"Ya mwanangu yanalo. Huanza na pazia, watu huwafikia baadaye. Mwalimu alifunga kitabu kabla mtoto hajawafikia."

"Basi mfundishe kuanza na watu."

"Wewe kichwa cha mteja unakianzia wapi?"

"Kisogoni," alisema kinyozi, akajikuna chake. Nilicheka ndani ya mtandio. "Lakini mimi sifanyi mtihani, dada!"

Basi likasimama mbele ya shule. Mama alishuka, mtoto akabaki mlangoni, ameinama anatazama misumari ya ngazi. Abiria wakaanza kunung'unika. Kinyozi aliinuka, akaushika mlango kwa mkono wake.

"Dereva, usifunge," alisema. "Bado anaangalia."