Ndimu na Jin kwa Glasi Mbili

Ndani ya basi, fundi cherehani mmoja alimwambia msusi aliyeketi kando yake kwamba tangu mkewe afariki, kinywaji chao cha jin na ndimu cha siku za joto kinamshinda. "Yeye alichanganya, mimi nilikamua ndimu tu."

"Vizibo viwili vya jin, mzee, nusu ndimu, kijiko cha sukari, barafu, soda mpaka juu."

"Hiyo ni ya mtu mmoja."

"Si uko peke yako?"

Msusi yule hana haya, ingawa hesabu yake ni sahihi.

"Nachanganya ya wawili," fundi akasema.

"Ya pili anakunywa nani?"

Basi likasimama. Fundi akageukia mlangoni. "Hakuna, binti yangu. Barafu ikiyeyuka, naosha glasi zote mbili."