Mzinga Haufikiki

Kwenye basi la Chicago, Jumamosi mchana, Wanda Kosinski alijikunyata kitini na kuvuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mbele yake watu wawili wasiojuana walikuwa wakiichambua mashine mpya ya pinboli, mchezo wa kurusha gololi kwa vibao ndani ya kasha la kioo, iliyozinduliwa asubuhi ile kwenye ukumbi wa michezo, na aliyeibuni ni Wanda mwenyewe.

"Gololi inaniponyoka katikati kila mara," alilalamika jamaa mnene mwenye koti la buluu. "Aliyeunda kitu kile hatupendi."

"Hakupendi wewe, kaka," akajibu mama mmoja mwenye miwani. "Mimi niliiingiza kwenye ule mzinga wa nyuki wa bandia kule juu, zikatoka gololi tatu, taa zikawaka kote. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja."

"Ulibahatisha."

"Nikabahatisha tena mara ya pili?"

"Mzinga haufikiki, dada. Kile kilima cha kupandishia gololi ni kikali mno."

"Mkono wako ndio mzito. Unapiga vile vibao kama unaua mende."

Wanda aliuma skafu asicheke. Wakubwa wake kazini walitaka kilima kipunguzwe ukali, naye akakataa katakata, halafu usiku wa kuamkia uzinduzi hakupata usingizi.

"Basi twende ukanionyeshe," jamaa akasema.

"Dada yangu ananingoja na chakula."

"Unaogopa."

Mama akavuta kamba ya kengele. Basi liliposimama walishuka wote wawili, wakavuka barabara kungoja la kurudi ukumbini, bado wanabishana. Wanda akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na abiria wa pembeni akahama kiti.