Nilitubia Gongo Ambayo Sikuionja

Ndugu zangu, haleluya yenu iwekeni kando kwanza. Nisikilizeni hadi mwisho, halafu mtaona kama bado mnaitaka.

Wengi mnanijua, mimi ndiye mama wa cherehani pale Nyakanazi, karibu na stendi. Miaka michache iliyopita nilisimama hapa hapa nikashuhudia kwamba Mungu ameniokoa na gongo. Mlishangilia! Mama mmoja alinikumbatia akalia hadi kilemba kikadondoka. Basi leo nawaambia, ule ushuhuda ulikuwa uongo. Sijawahi kuonja gongo maishani mwangu, wala pombe ya ndizi ya harusini.

Ilianza na mkono wa kulia. Nikikaa tu, kidole gumba kinacheza chenyewe, na uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Pua nayo ikafa, maharage yanaungua jikoni sisikii hadi nione moshi. Kisha miguu ikawa mizito, nikawa naburuta malapa, na maneno yanajikokota mdomoni. Nyinyi mkasema mlevi. Mume wangu akawa ananinusa mdomo kila nikirudi kutoka kazini. Ninuswe, mtu mzima, mwenye wajukuu!

Mkanitenga na Meza ya Bwana. Mzee mmoja wa kanisa, simtaji, anajijua, akaja nyumbani na wenzake wawili.

"Mama, kiri tu. Ukikiri utafunguliwa."

"Mzee, mimi sinywi."

"Ndivyo hiyo roho inavyosema."

Sasa mtu wa namna hiyo unamjibu nini? Walipokuja mara ya tatu nilikuwa nimechoka, nikakiri. Nilitaka tu kurudi nikae na wenzangu.

Na mkono ukaendelea kutetemeka. Mkasema nimerudia! Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Nawaambia kweli, nilifika mahali nikaanza kuamini labda nakunywa usingizini.

Siku moja nilianguka sokoni nikapasuka paji la uso, wakanipeleka hospitali ya Biharamulo kushonwa. Tabibu alikuwa mwanamke, rika la binti yangu mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeanguka kwa sababu ya pombe," nikamwahi kabla hajauliza.

Akanitazama. "Pombe gani, mama? Mbona sisikii harufu yoyote? Hebu tembea hadi dirishani, urudi."

Nikatembea. Akaniuliza habari za mkono, za pua, za usingizi, hata za choo. Kisha akasema anadhani ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa Parkinson, akaniandikia barua ya rufaa. Nililia pale kwenye benchi kwa hasira.

Vidonge vilinipunguzia uzito wa miguu, lakini mkono haukusikia dawa. Ndipo nikapelekwa hospitali kubwa ya mbali, ambako madaktari walikuwa wanafanya utafiti wa upasuaji wa ugonjwa huu. Waliniambia wazi kwamba upasuaji wenyewe hauponyi, kwamba unaweza kuleta madhara, na kwamba hata nikiukataa, dawa zangu nitaendelea kupewa. Wakaniuliza nimeelewa nini, wakangoja jibu. Watu wasionijua waliniuliza maswali mengi asubuhi moja kuliko nyinyi mwaka mzima!

Walinitoboa fuvu nikiwa macho, kichwa kimebanwa kwenye chuma. Daktari ananiambia inua mkono, gusa pua, hesabu, huku wanachoma kisehemu kidogo ndani ya ubongo. Mara mkono ukatulia. Nilitukana, Mungu anisamehe, nikatukana kwa Kisukuma, na muuguzi akacheka maana alielewa.

Sijapona. Mkono wa kushoto nao umeanza. Dawa nameza, na kila baada ya miezi narudi wanipime, wajue upasuaji huo unamfaa nani na unamdhuru nani. Lakini nashona, jamani. Nashona!

Namshukuru yule tabibu, na madaktari wale. Namshukuru mume wangu, aliyenipigia magoti mbele ya wodi nzima. Nilimwacha apige kidogo ndipo nikamwinua. Mzee wetu bado nina hasira naye, na asije mtu kuniambia nisamehe kabla yeye hajaomba.

Mtu akitetemeka, mpeni kiti, mpelekeni akapimwe. Dhambi zake mtazitafuta baadaye, kama mnazipenda sana.

Na wewe mama uliyekaa kule nyuma, mkono umeuficha ndani ya kitenge, nimekuona tangu pambio la kwanza. Usikiri kitu chochote kwa mtu yeyote. Kesho asubuhi nakuja kwako, tunapanda gari la Biharamulo.