Siku ya Kupukuchua Uani Kwangu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Violeth, niinue kidogo na huo mto, kisha ufungue dirisha niwasikie watu wanaopukuchua mahindi uani. William, zima hiyo simu. Nawe Sixbert, kaa hapa kitandani, usisimame kama mgeni anayeaga, kwa sababu mengi nitakayosema yanakuhusu wewe, na nataka nikuone usoni.

Mali yangu si ya kugombaniwa. Nyumba hii ya Msamala ni ya William, aliyebaki nami na kunibeba bila kukunja uso. Cherehani na vyombo vyote ni vya Violeth, na asitokee shangazi wala wifi wa kuja kulifungua kabati langu baada ya matanga. Shamba la Mpitimbi ni lako, Sixbert, wewe mkubwa, lakini nakupa shamba hilo pamoja na kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayoninyima raha ya kufa.

Nimesikia. Mwili umelala, masikio bado. Nimesikia kwamba tangu wakuchague mwenyekiti wa jumuiya, unataka mahindi ya msaada yasiletwe tena hapa uani, yapelekwe kanisani, majina ya familia zenye shida yasomwe baada ya misa, na kila mama aende mbele apokee kiroba na kupigwa picha, ili wafadhili waone na kutuletea mashine ya kusaga. Mashine ni kitu kizuri, sikatai. Lakini umesahau tulikotoka, mwanangu, na mimi siwezi kuondoka nikakuacha na usahaulifu huo.

Baba yenu alipofariki, mvua nayo ilikuwa imekatika mapema na ghala letu halikuwa na hata punje. Jumuiya wakatuonea huruma. Mwenyekiti alikuwa Pankrasi, na Pankrasi hajui kufanya jambo bila shangwe. Wakaja Jumapili mchana, kina mama wamevaa sare ya kitenge, vikapu vichwani vimefunikwa vitambaa vyeupe, ngoma mbele, vigelegele barabara nzima. Sasa niambieni, katika mtaa huu ni nani akiona msafara wa namna ile anafikiria njaa? Majirani walitoka mbio wakidhani Violeth anatolewa mahari, na mama mmoja akaanza kucheza mlangoni kwangu huku akiuliza bwana harusi yuko wapi. Pankrasi akasimama kizingitini, akainyamazisha ngoma, akatangaza kwa sauti yake ile ya kuongoza nyimbo kwamba hapana, ndugu zangu, hii si mahari, huu ni unga wa mjane asiye na chakula.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Violeth, ulitaniwa shuleni mpaka ukagoma kwenda. Nawe Sixbert, ugali wa unga ule ulikataa kuugusa. Nilikubembeleza, nikakuchapa, ukasema bora ufe. Nililia siku ile, na sikulia kwa hasira, nililia kwa sababu nilikuelewa.

Pankrasi hakuwa na nia mbaya, na kinyongo changu nimeshakitua. Mwambieni asikose kwenye mazishi yangu, na aimbe atakavyo. Lakini shamba lilipoanza kunipa mahindi ya kutosha, niliapa kwamba hakuna mama atakayepokea chakula cha jumuiya yetu huku anatazamwa. Ndipo tukaanza kupukuchua hapa. Kila aliyevuna analeta chake, turubai linatandikwa, wanaitwa wote, mwenye nacho na asiye nacho, wa kwetu na wa msikitini, tunapukuchua, tunakunywa togwa, tunataniana, na jioni kila mmoja anaondoka na kiroba. Kila mmoja, Sixbert. Mke wa katekista anaondoka nacho, mwalimu anaondoka nacho, na wasiokihitaji hukirudisha baadaye bila kelele, kikasaidia wakati wa masika mahindi yakiwa bado mabichi. Aliye barabarani haoni maskini, anaona watu wametoka kazini.

Jirani yetu Sharifa alipohamia hapa kutoka Tunduru, na watoto bila mume, asingekanyaga kanisani kupokea kitu. Uani kwangu alikuja. Alipukuchua kutushinda sote, akaondoka na kiroba chake na utani juu, na mwaka jana akaleta mahindi ya shamba lake mwenyewe. Jina lake ungelisomea wapi, mwanangu? Hiyo mashine ingemrudishia nini?

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Sikilizeni, magunzi yanatupwa pembeni, wanakaribia kumaliza. Mimi nikikata roho kabla hawajaondoka, msipige yowe. Ngojeni kwanza wabebe mizigo yao wafike nyumbani, ndipo mlie mtakavyo. Na kwenye msiba wangu asisimame mtu kutangaza nani kachanga nini.

Sixbert, sitaki uniahidi, mdomo wako naujua ni mtamu tangu utotoni. Vua hivyo viatu vya ofisini. Nenda ukakae chini, katikati ya Sharifa na Pankrasi, upukuchue yaliyobaki mpaka vidole vikuwashe. Kisha utabeba kiroba begani, kwa miguu, siyo kwenye buti la gari, upite mbele ya maduka mpaka kwako, wenzako wa ofisini wakuone na wasijue kama umetoa au umepewa. Ukiweza hilo, shamba ni lako. Ukishindwa, mpe Violeth, yeye hana aibu. Nenda. Usinibusu, utanichelewesha.

Nanyi wawili, nishikeni mikono. Mungu awape chakula cha kuwatosha na cha kumpa jirani. Msitenganishwe na kabati wala mpaka wa kiwanja. Watoto wenu... wawazike ninyi, msiwazike wao. Baba yenu nitamsalimia.

Wamemaliza kupukuchua... nguvu zangu nazo zinaisha. Violeth, chungulia. Wanacheka nini huko?

Ni yeye? Waache wacheke.

Kiroba kiko begani?

Gari je... bado lipo hapo?

Kapita maduka. Basi, mwanangu. Nilazeni.